Sanda ya Nahodha

Ni mimi niliyemwosha,
usiku haujaisha,
taa mbili nikawasha,
huko Khasabu mjini.

Dhiyabu bini Matari,
aliyetisha bahari,
kafa kwa jino, si shari,
usaha umo shavuni.

Manowari zikasaka,
mizinga ikatamka,
yeye huyo kachomoka
kwenye hori za mwambani;

gego moja la kuoza
siku tisa lamliza,
karafuu akajaza
za wizi, tele kinywani.

Jina langu ni Feruzi,
mpishi wake azizi;
nami pia ni wa wizi,
toka Kilwa, utotoni.

Kovu la bega kulia:
jambia lilimwingia
merikebu avizia
ya chumvi na zafarani.

Vidole viwili hana:
kamba ya nanga kubana;
akacheka, katukana,
kavitupa baharini.

Mkono huo wa chuma,
nilipougua homa,
uliniosha kwa hima,
sijui kwa nia gani.

Sanda ikatakikana.
Hariri zimepangana,
kila rangi na namna,
zafika juu darini.

Kadhi akashika moja
ya Surati; akangoja;
akasema, "Nina hoja:
hii mwenyewe ni nani?"

Pakawa kimya kikuu.
Wake zake kule juu
wakatazama miguu,
vikuku vyao vya shani.

Zulia, kombe, mswaki,
bastola na bunduki,
hapana kilicho haki
toka paa hadi chini.

Nilikuwa na shukangu,
merikani, mali yangu,
kwa pesa za ndimu zangu
nilizouza sokoni.

Nikaichana vipande,
nikafunga kila pande;
kisigino kama konde
chachungulia sandani.

Kaburini akasema
kadhi, kama ada njema:
"Mdai wake, simama,
useme wadai nini."

Wengi wakapinda shingo
kuelekea mlango
wa bahari, bila lengo:
wadai wako majini.

Nikaunyosha mkono.
Kuhusu Kilwa, si neno.
"Ni shuka, dhiraa tano,
ile aliyomo ndani."