Shingo ya Mzizi

Duka la chakula cha mifugo, Kentaki, Oktoba,
mizani ya shaba, kahawa iliyopoa.
Orpha Stidham anamimina kopo la biskuti mezani:
mizizi ya jinsengi, udongo wa mlima ungali umeganda
kwenye vinyweleo vyake.
"Ya mwituni," asema. "Hobart aliniachia mahali."

Sibishani na mjane. Naokota mmoja, naugeuza.
Ule wa shambani naujua hata taa ikizimwa:
mnene, mweupe, karoti iliyotoroka jikoni,
umelalia tuta laini, umelishwa mbolea,
ngozi ya mtoto wa tajiri, shingo hakuna.
Wa mwitu hakufunzwa na mamaye.
Jiwe limemfunza, na ukame,
vimemvisha pete mabegani, nyembamba, zimebanana
kama watu kwenye picha ya harusi.
Na shingo! Shingo ndiyo cheti cha kuzaliwa:
kila majani yanapopukutika, shina hufa,
huacha kovu moja.

Nahesabu kwa ncha ya kisu. Saba.
Mwingine. Saba.
Wa tatu, uliopinda vizuri kabisa. Saba.
Msitu hauzai darasa zima kwa mwaka mmoja.

"Orpha," nasema, nikiitazama mizani,
"hii ilipandwa."

"Ilipandwa." Analipima neno kama chumvi.
"Mwaka ule mgodi ulipofungwa na kifua chake kikaanza filimbi,
alipanda mlima na mfuko wa mbegu,
akazibonyeza kwa dole gumba chini ya majani makavu.
Basi. Hakurudi tena.
Hakuna aliyepalilia. Kulungu walikula walichotaka.
Mimi ukiniacha kule miaka saba,
utaniita wa bustanini?"

Daftari la serikali lina safu mbili tu.
Mwitu: dola mia tano kwa ratili.
Kupandwa: hailipi hata petroli ya kurudi.
Naitafuna penseli.

Ndipo, chini kabisa ya kopo, mmoja zaidi.
Mweusi mweusi, mwepesi, umejikunja kama kidole cha baridi yabisi.
Naanza kuhesabu, napotea, naanza upya kwa ukucha.
Thelathini na moja.

Orpha kanyamaza. Ameelewa kabla yangu.
"Huyu ndiye aliyezaa zile mbegu."
Kisha, polepole: "Giza lilikuwa linaingia.
Nilichimba tu. Sikumtazama."

Kichwani pa shingo kuna chipukizi la mwakani,
jeupe, chongofu, jino la mtoto mchanga.
Halijavunjika.
Naulowesha ukurasa wa michezo, naufunga mzizi,
nauweka upande wake wa meza, mbali na mizani.

Iliyobaki: wakia tisa na kidogo.
Nimeandika, na mwandiko wangu leo ni mbaya,
mkaguzi atasoma apendavyo.
Namhesabia noti. Hazihesabu tena.

Nje, gari lake linakohoa mara mbili, linawaka,
taa zinazunguka uani, zinapita dirishani kwangu,
zinakata kona kuelekea mlimani,
si nyumbani.