Nguzo Zisizo na Paa

Mbele ya shule yetu mjini Rosario
zimesimama nguzo kumi na nne za zege,
nene, fupi, zinamfika mtu mzima kiunoni.
Hazibebi paa. Hazibebi hata taa.
Zilipandwa baada ya gari kulipuka kule Buenos Aires;
nilikuwa mtoto wa darasa la pili,
nikazizoea kama mtu anavyozoea jino la bandia.

Leo mimi ndiye mwalimu.
Nafika saa moja; mlinzi, Evaristo, ananiuliza jina.
Alilijua jana. Atalijua kesho. Kazi ni kazi.
"Mirta Szejnblum," nasema,
naye analitafuta kwenye karatasi kwa kidole, taratibu,
kama anayesoma barua ya kwao.

Daftari la mahudhurio halina huruma.
Mwaka juzi, thelathini na mmoja.
Mwaka jana, ishirini na wawili.
Machi hii, kumi na mmoja,
na mapacha wa Grinfeld wataondoka kabla ya baridi:
baba yao amepata kazi Valencia.
Mama yao alilia ofisini, kisha akaomba risiti.
Peso inayeyuka kama sabuni iliyosahauliwa majini;
karo ya Machi hainunui chaki ya Juni.
Baba yake Uriel, fundi viatu, analipa kwa gundi na misumari:
viti vyote vya darasa la nne sasa vina miguu minne.

Jumanne kamati ilikaa hadi saa sita usiku.
Tufunge. Tuungane na Córdoba. Tuuze ghorofa ya juu.
Mwenyekiti, daktari wa meno, alisema tunahitaji maono.
Perla wa jikoni alisema tunahitaji gesi.
Kisha, kwa kura moja tu, ikapita:
lango lifunguliwe kwa watoto wa mtaa, wawe Wayahudi, wasiwe.
Kura hiyo haikuwa yangu. Niliogopa
chai inayoongezwa maji kila mgeni anapobisha hodi.

Wakaja sita. Yumo Milagros Quispe,
mama yake anauza mboga kona ya pili,
bibi yake huota kwa Kikechua.
Siku ya kwanza niliandika alef ubaoni.
Nikasema: hii ndiyo herufi ya kwanza, na haina sauti.
Wangu wa zamani walishalisikia hilo, wakapiga miayo.
Milagros akanyoosha mkono:
"Kama haina sauti, inamsubiri nani aseme?"

Miaka kumi na tisa naifundisha herufi ile.
Miaka kumi na tisa naifuta kwa kitambaa.

Uriel, asiyeulizaga kitu ila saa ya chakula,
akadai inamsubiri yeye. Wakabishana.
Ubishi ukatoka darasani, ukashuka ngazi, ukafika jikoni.
"Huo ni ubishi wa kwetu kabisa," alisema Perla,
akimenya viazi,
"na nusu ya wabishi wamebatizwa."

Mapumziko, Milagros akaja na la pili:
"Zile nguzo za nje zinashikilia nini?"
Jibu ninalo, tulipewa kwenye semina ya usalama.
"Zinazuia magari."
"Magari ya nani?"
Kengele ikalia. Nikaishukuru, mtu mzima mimi.

Ijumaa asubuhi niliwakuta nje na chaki, wote kumi na saba,
Evaristo amesimama barabarani, mikono ameitanua.
Vivuli vya nguzo vilikuwa vimelala njiani,
na pale vivuli vilipoishia, watoto wamechora paa.
Paa refu, limepinda, lina bomba la moshi na paka.
Jua lilipopanda vivuli vikajivuta,
paa likabaki peke yake, halishikwi na kitu.
Walisimama wakilitazama.
Hakuna aliyenitazama mimi.

Jumapili mvua. Jumatatu bili ya gesi.
Langoni Evaristo ananiuliza jina, nalitaja, napita.
Nyuma yangu foleni, kumi na saba,
hapana, kumi na tano, mapacha wameshapanda ndege,
kila mmoja na begi lake,
anasubiri kusema jina.