Viatu Mlangoni mwa Jiwe

Mpangaji wangu wa chumba cha uani, Thapliyal,
fundi wa mashine za kuchambua pamba,
kila Jumamosi humpigia mama yake
na simu huinyoosha juu kama mtu atafutaye mwezi,
maana Bugarika hata mtandao hupanda mlima kwa kuhema.

Siku moja akanigeuzia kioo: "Mama Limi, ona kwetu."
Nikaona mji umening'inia ubavuni mwa mlima
kama nguo zilizosahaulika kambani.
Mahekalu mengi kuliko maduka.
Mapango yenye milango ya bati, na ndani yake wazee
waliojifungia na Mungu, chai wakiletewa na wajukuu wa watu.
Na nyuma ya yote, kitu cheupe kimesimama.
Wingu? nikauliza. Akasema: theluji, haijawahi kuondoka.
Mama yake akanipungia mkono.
Nami nikampungia mwiko.

Kisha akauliza, "Na huku, mapango yapo?"
Yapo, nikamwambia. Ya pimbi na wavuta bangi.

Jumapili tukapanda.
Tukapita kwa Masalu, ambaye ukuta wa nyuma hakujenga,
aliegemeza nyumba kwenye jiwe, basi.
Tukapita wanawake wa kokoto, vumbi hadi kwenye kope,
mlima wanaushusha ndoo kwa ndoo.
Tukapita mabomba yaliyotambaa juu ya mwamba
kama mishipa ya mkono uliochoka.
Mawe yetu hayakupangwa na mtu. Yamepakatana tu.
Mgeni akiyatazama hushika pumzi;
yenyewe hayana habari.

Mlangoni mwa pango: vizibo vya soda, mavi ya pimbi,
DOTO NA SALOME 2011 kwa mkaa.
Nikaona haya, kama mwenye nyumba aliyekutwa hajafagia.
Lakini Thapliyal alikwisha kuinama.
Alikuwa anafungua kamba za viatu.

Sikusema kitu.
Humu nilijificha nisitumwe maji.
Humu bibi yangu Nyanzobe alipanda na kibuyu cha togwa
miaka ya ukame, akarudi na kibuyu kitupu,
na mvua ikanyesha, au haikunyesha.
Bibi hakuvua viatu.
Hakuwa navyo.

"Kengele iko wapi?" akanong'ona.
"Kwetu huingii bila kugonga. Mungu naye ana shughuli zake."

Nilitaka kucheka. Mkono ukakumbuka kabla yangu.
Kushoto, kimo cha kiuno,
jiwe refu limelala juu ya mengine mawili,
na mgongoni lina vishimo, laini, kama vya bao.
Utotoni tuliamini majitu yalichezea pale.
Nikaokota jiwe dogo. Nikagonga.

Haikuwa sauti ya jiwe.
Ilikuwa ya chuma kilicho mbali,
kama reli pale stesheni kabla treni haijaonekana.
Pimbi wakanyamaza.
Chini, ziwa palepale, na kivuko cha Kamanga
kikivuta mstari wake mweupe bila haraka.
"Tena," akasema.
Nikagonga tena, na kishimo kikalipokea jiwe langu
kama mdomo unavyopokea kijiko ulichokizoea.
Mikono mingapi, mpaka mwamba ukalegea hivi?

Mwezi uliopita mwenye tipa alikuja
kuniuliza bei ya mawe ya juu.
Nilimwambia nitafikiri.

Tulipotoka, kiatu chake cha kushoto hakikuwepo.
Vicheko vya watoto vilikuwa vinateremka,
tayari vimefika kwa Masalu.
Nikaanza kufoka, nikawataja na mama zao.
Yeye amekaa chini, anacheka mpaka machozi:
"Hata kwetu, Mama Limi! Hata kwetu hekaluni huibiwa!
Huko ni nyani. Sasa ndiyo naamini
mahali hapa pana mwenyewe."

Akashuka hivyohivyo, mguu mmoja kiatuni,
mmoja juu ya mwamba wa saa saba mchana,
akirukaruka kama korongo aliyekanyaga jivu.
Mimi nyuma yake, kimya.
Viatu vyangu vilikuwa salama.
Nilikuwa nimevivaa muda wote.