Mpira wa Yasna

Ngazi mia na sitini na mbili, Valparaiso.
Yasna amezihesabu, mpira kwapani,
na kila ngazi ameilipia pumzi.
Pale juu, mbele ya mlango wa bluu,
mpira umetulia kama usiojua kitu.
Uongo. Umebeba jasho lote la yule mtoto,
umeliweka akiba, haujatumia hata tone.

Akaugusa kwa kidole.

Kando ya ngazi kuna barabara, mteremko mtupu.
Mwanzo unasitasita, unabiringika kivivu,
kisha unampita kinyozi, unawapita paka wawili,
na kadiri kimo kinavyopungua
ndivyo mbio zinavyonona.
Katikati ya kilima, nusu ni urefu, nusu ni kasi;
hakuna kilichoibwa, fedha imebadilishwa tu.
Basi, si yote: mawe nayo yamekata ushuru wao,
msuguano, joto dogo,
na ile sauti, tuk, tuk, tuk.

Mimi niko chini, mlangoni pa tanuri,
mikono imejaa unga.
Sikuona ulikoanzia.
Kiganja ndicho kilichonisomea kilima chote,
tangu mlango wa bluu
hadi maumivu ya kifundo cha mkono.

Walisema mpanda ngazi hushuka.
Hawakusema anashuka na nini.

"Don Eleuterio! Niletee!"
Goti langu la kushoto ni bovu, binti.
Nautazama mpira, umetulia tena,
safari hii hauna kitu kweli.
Nazitazama ngazi.

Moja.