Vitanda Tisa

Nyumba ina vitanda tisa, na funguo ninazo mimi.
Kila Jumamosi nabandua shuka zisizolaliwa,
nazifua, nazianika, nazipiga pasi,
nazitandika tena kwa ajili ya mgeni aitwaye Huenda.

Mwenyewe huja Malindi Desemba, siku kumi na nane.
Mwaka jana kumi na moja.

Mwezi wa tano Sabaki ikavunja kingo.
Umazi, binti wa shangazi yangu, alitoka na mbuzi mmoja,
watoto wanne,
na godoro nusu; nusu ya pili ilifuata maji.
Wakalala darasa la tatu, chini ya ubao
ambao mwalimu aliuacha na hesabu ya kugawanya:
ishirini na saba kwa tatu.
Jibu halikuandikwa.
Mimi nalijua. Hulitandika kila Jumamosi.

Nikampigia bwana. Si kumwomba vyumba, nani angethubutu?
Stoo tu, ile ya viti vya plastiki.
Akanyamaza. Nikasikia kijiko kikigonga kikombe huko kwao.
"Mwaringa, ukimfungulia mmoja watakuja wote."
Nikafikiri, nikaona ni kweli.
Watakuja wote. Ndivyo watu walivyo, huwa ni wote.

Lakini nisimseme vibaya: alileta mchele,
magunia sita, na kijana wa kupiga picha.
Wazee wakapangwa mstari, wakaambiwa watabasamu.
Wakatabasamu. Mkono mtupu haulambwi;
uliojaa hulambwa hata ukiwa na jasho.

Kiwanja hiki babu yangu alikipanda minazi.
Kiliuzwa kwa bei ya baiskeli mbili.
Karatasi ipo, ina muhuri, ni halali.
Sisemi tuliibiwa.
Nasema baiskeli zote mbili zilishakufa,
na bahari ingali inakuja kila siku mbele ya kile kibaraza.

Siku hizo redio ilikuwa ikisema nchi tajiri zimekutana
mahali penye theluji, zinajadiliana kama zitusamehe deni.
Nilikuwa nimeinama juu ya bwawa na dumu la klorini.
Nikacheka peke yangu, hadi mbwa akaamka.
Kusamehe! Kama vile sisi ndio tuliokuja kwao
na baiskeli.

Na mimi pia nisijifanye.
Usiku wa tatu Umazi alikuja getini,
mdogo wake mgongoni anakohoa kikohozi cha mtu mzima.
Nina watoto watatu shuleni, na kibarua ni hiki kimoja.
Nikampitishia uji katikati ya nondo.
Funguo zilikuwa mfukoni, zikilia kila nilipovuta pumzi.
Hakuziuliza. Ningependa angeziuliza,
nipate kukasirika.

Alimnywesha mtoto, kisha akageukia gizani akaita jina,
na mama mmoja ambaye sikuwa nimemwona
akasogea kwenye mwanga wa taa za bustani,
taa ninazoambiwa niziwashe magharibi nizizime saa sita,
ziwamulikie maua.
Wakapokezana kikombe,
huyu funda, yule funda,
hakuna aliyepima, hakuna aliyetoa hotuba.
Wakanirudishia kikiwa kimepanguswa kwa ncha ya leso.

Asubuhi bwana akapiga. Ameona mafuriko kwenye habari.
"Vipi, maji yameingia ndani?"

Nikatazama vitanda, kimoja kimoja, mpaka cha tisa.

"Hapana, bwana," nikasema.
"Hakuna kilichoingia."