Uzi Nje ya Kiini

Februari, na Lubina amevaa glavu mezani.
Mama yangu, Hańža, anayeyusha nta kwenye kijiko,
anachonga unyoya wa bata bukini kwa kisu cha viazi.
Pasaka haiko mbali, na kijijini kwetu Lusatia
yai halipambwi kwa mashine.
Mtoto anataka kuchora. Anavua glavu.
Vidole vimeiva rangi ya zambarau, ncha zimepasuka,
sikio moja lina kigaga kama ganda la mkate.

Nami naficha vyangu chini ya meza.

Miaka yote tulisingizia baridi:
bwawa lililoganda, ndoo za zinki, maziwa ya alfajiri.
Mama alivipaka vyake mafuta ya nguruwe, akavipaka na vyangu.
Kisha Jumatatu moja tukapanda treni kwenda Dresden,
na Daktari Weidauer, mwenye mafua na kalamu iliyokauka,
akaomba radhi, akaazima yangu,
akachora duara ndani ya duara.

"Hiki ni kiini," akasema. Nikaona yai.

Ndani ya kiini, DNA: nyuzi mbili zilizosokotana.
Nje, kwenye ute, hazitakiwi kuonekana.
Huko nje anazunguka mmoja asiyejua kusoma.
Hatambui herufi, haulizi ukoo,
hajui kama uzi ni wa kirusi au wa mwenye nyumba.
Hupapasa tu, kama mtu gizani anayetafuta swichi:
Nyuzi mbili? Humu uteni?
Basi, imetosha. Anazikumbatia, anajikunja,
anafinyanga kipete kidogo kuliko neno.
Kipete kinaelea, kinamgonga begani
mwenzake aliyejibanza kwenye utando,
naye anabeba habari mpaka kiini kinaamka
na kutoa amri: intaferoni.
Amri inavuka ukuta, inabisha kwa majirani:
fungeni, noeni, kuna mgeni.

"Na kama hakuna mgeni?"

Daktari akapenga kamasi kwanza.
Kila mwili hudondosha vipande, akasema.
Yuko mtafunaji wa kuvimaliza,
huanzia nchani, herufi moja moja,
kabla havijapapaswa.
Katika familia yenu mtafunaji ana meno nusu.
Makombo yanabaki,
na king'ora kinalia juu ya mali yenu wenyewe.

Wakati wa kurudi Lubina aliniuliza kitu kwa Kisorbi,
kwa sauti, kama watoto wanavyouliza,
na behewa zima likageuza shingo.
Mzee mmoja, aliyezaliwa labda kilomita nane kutoka kwetu,
akataka kujua tumetoka nchi gani.
Sikumjibu. Nilikuwa namfikiria yule asiyejua kusoma.

Yule simlaumu, nataka hili lieleweke.
Bila yeye, kirusi cha malengelenge ya mdomo
pengine kingekwisha kupanda ubongoni.
Ni wa kale; daktari anasema hata bakteria
wana ndugu zake, wakikesha kama yeye.
Anachojua ni mahali tu.
Jina hakufundishwa.

Sasa kuna vidonge, kimoja asubuhi, kimoja jioni.
Havizimi king'ora, haviotishi meno.
Vinawaziba majirani masikio, kiasi.
Kiasi: neno ninalojifunza kulipenda.

Lubina anachovya unyoya, anagusa ganda:
pembetatu, pembetatu, pembetatu,
meno ya mbwa mwitu, ndivyo tunavyoyaita,
ya kumlinda atakayepewa yai.
Safu inapinda. Kidole kinakataa.
Yai la tatu linampasukia mkononi
na kiini kinamwagika kwenye ute, juu ya gazeti la jana.

Tunanyamaza wote watatu.

Mama anachukua kitambaa, anafuta bila haraka.
"Ni letu," anasema. "Hakuna aliyeingia."
Lubina anaomba jingine.
Natoa mikono yangu chini ya meza,
yote miwili, na rangi yake,
nalishika yai, nalizungusha polepole
huku yeye akichora.