Vitu Vitano vya Zamani

Kidato cha pili tulivuka kwa pantoni ya Kamanga,
wanafunzi thelathini na wanane na ndoo ya makande,
tukashushwa mjini Mwanza viatu vikiwa vimelowa.
Mwalimu Nshoma akagawa karatasi:
"Andika vitu vitano vya zamani.
Ulivyoviona. Si vya kusimuliwa."

Cha kwanza kilikuwa rahisi: nyumba ya Mjerumani kilimani,
ukuta mnene, mlango wa kale,
kufuli ya juzi.
Nyanzala alihesabu ngazi, akapotea kwenye sitini,
akarudi chini kuanza upya. Hatukumngoja.

Cha pili: 1931, imechongwa juu ya duka la vitenge
pamoja na jina la mtu
ambaye hata mwenye duka hamjui.
"Mimi nimepanga tu," alisema.

Cha tatu nilidanganya. Niliandika "mlango"
bila kusema upi.

Cha nne, mawe yale yaliyobebana mgongoni
juu ya nyumba za watu, na hayaanguki.
Bahitwa akakataa: mawe si ya zamani, mawe ni mawe,
zamani ni ya mtu.
Tulibishana hivyo mpaka Makoroboi,
uchochoro ukatubana, nyundo zikatunyamazisha.

Fundi hakuinua uso.
Kopo la maziwa ya unga. Mkasi. Risasi ikiyeyuka.
Akakunja, akagonga, akapenyeza utambi wa fulana kuukuu,
akaiwasha kuijaribu, akaipuliza taratibu
kama mtu apozaye uji wa mtoto.
"Bado wapo wanaonunua?"
"Umeme ukikatika," akasema, "wote mnanijua."
Akanipa niishike. Ilikuwa ya moto.

Nikaandika: 5. Koroboi.
Masizi yakaacha dole gumba langu pembeni mwa karatasi.

Jumatatu ilirudi na wino mwekundu:
"Hiki kimetengenezwa siku ileile. Nne kwa tano."
Mlango wangu wa uongo ulipata vema.

Jana, nikitafuta cheti cha kuzaliwa
chini ya sanduku, chini ya risiti za maji,
niliiona. Imekunjika mara nne, inanuka mende.
Wino wa mwalimu umefifia, alama haisomeki.
Masizi bado ni meusi.
Nikaweka dole gumba juu yake:
lile lilikuwa dogo,
halikunienea.